Kabureta Mbili za Kusindikiza

Reginaldi wa Buffalo, Marekani, alikuwa na gari aina ya Pontiac la mwaka 1966 lenye kabureta tatu, na tangu aanze kulifufua hakuwa na mazungumzo mengine. Shemeji yake Fides, aliyejifunza kutengeneza kabureta za pikipiki katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alimsikiliza kwa simu kutoka Louisville.

Walikutana Columbus, kwenye harusi ya mpwa wao. Reginaldi aling'ang'ania maharusi wapande gari lake. Akaliwasha mbele ya kanisa. Likakohoa, likatema moshi mweusi hadi kwenye shela la bibi harusi, likazima.

"Ni nguvu nyingi," Reginaldi aliwaeleza watu. "Kabureta tatu si mchezo."

Fides alikaza kitenge chake, akaomba bisibisi na kufungua boneti. Kabureta ya katikati ilikuwa inafurika petroli kwa sababu boya lake la kuzuia petroli isizidi limekwama, akalikwamua. Kisha akaona zile mbili za pembeni zimezibwa kwa chini na vipande vya bati.

"Shemeji, funika basi, watu wasione," Reginaldi alinong'ona. "Kuzipatanisha zote tatu zifanye kazi pamoja kulinishinda."

"Zote zimepona?" mzee mmoja akauliza.

"Moja inafanya kazi," Fides alijibu kwa sauti. "Mbili zinasindikiza."

Watu wakaangua kicheko, bwana harusi akiwemo. Reginaldi aliendesha hadi ukumbini bila kusema neno, jambo ambalo mkewe aliapa hajawahi kulishuhudia. Jumatatu alipiga simu, akauliza kwa upole kama shemeji angeweza kumfundisha. Fides akamwambia aje Louisville, lakini aje kusikiliza.