Jiko Lililotaka Kulala Ndani

Usiku wa jana niliota nimelala, Bibi amelala, paa limelala, na katika wote hao aliyekuwa macho ni jiko.

Jiko lilikuwa nje. Nililiacha huko mwenyewe, kwenye majani, likiwa bado na makaa mekundu baada ya chai ya mwisho. Ndani ya gari tulikuwa mimi na Bibi Tupokigwe, mama yake mama yangu, ninayempeleka Makete kwenye harusi ya binamu yangu. Tulitoka Tukuyu mchana, ukungu ukatufungia njia juu milimani, tukaegesha.

Gari langu ni lile la watalii lililostaafu, lenye paa la kuinuka. Ukilisukuma juu, unasimama wima na kupata kitanda cha ghorofani. Ukilishusha, unatembea ndani kama mtu aliyeangusha sindano. Sasa mimi upepo wa milima hii umenifundisha kwa makofi, kwa hiyo nikilala huku sijadiliani na mtu: paa chini, makomeo yote yamefungwa, kitanda cha juu hakilaliwi, dirisha wazi kidole kimoja, moto nje.

"Umenileta kunigandisha, mume wangu," Bibi alisema akijifunika. Ndivyo tulivyo. Tangu nizaliwe ananiita mume, nami namwita mke wangu, na tunagombana kama watu waliooana kweli.

Basi niko ndotoni, na mlango unagongwa.

"Hodi," linasema jiko.

"Nani?"

"Jiko. Ugonile?"

Hiyo ni salamu yetu Wanyakyusa, na maana yake ni umelalaje. Nalijibu kwamba sijamaliza, liulize asubuhi.

"Nina baridi," linasema. "Nipe nafasi miguuni tu. Mimi sina makuu. Nakula hewa kidogo, basi."

"Hewa ya humu ni ya watu wawili. Paa liko chini. Ukiingia tutakuwa watatu, na asubuhi mmoja hataamka, na huyo si wewe."

"Una uhakika gani?"

"Mimi nimeanza kulala kwenye magari wewe bado ni debe la mafuta ya kula."

Naona nimelimaliza. Nageukia upande wa pili, na huko namkuta Bibi ameketi, ananitazama.

"Nani huyo unamtukana?"

"Si mtu, Bibi. Ni jiko. Limegonga."

"Limegonga!" Bibi anapiga makofi. "Msikieni! Kila siku nakuambia, mume wangu, tafuta jiko, wenzako wanaoa, mimi nimezeeka, siwezi kuwa mke wako peke yangu. Leo jiko limejileta lenyewe, bila mshenga, kwenye baridi hii, na wewe unasema limegonga. Mkamwana wangu haitwi limegonga. Amegonga."

Hapo ndipo nilipoiona hatari. Sheria yangu inakataza moto usiingie, na moto ni kitu. Kuhusu mtu haisemi lolote. Bibi alipotamka amegonga, jiko likaacha kuwa kitu.

"Ndaga, Bibi," anashukuru jiko, kwa sauti laini ya mtu aliyelelewa.

"Karibu, mwanangu. Na wewe mume wangu, funga hilo dirisha, mgeni asipigwe na baridi."

"Dirisha linabaki wazi kidole kimoja," nasema.

"Cha nani?" linauliza dirisha.

"Nini?"

"Kidole. Kila usiku unasema kidole kimoja, kidole kimoja, na sijawahi kukiona. Bibi ananisukuma. Nisipowekewa kidole, najifunga."

"Hicho ni kipimo tu."

"Mimi ni dirisha. Vipimo sivijui. Vidole navijua."

Nalichagulia kidole cha pete. Nasema chukua hiki, hakina kazi, sijaoa.

"Hujaoa?" anadakia Bibi. "Na mimi hapa ni nani?"

Dirisha linakipokea kidole na kukibana kwa heshima. Hewa inaendelea kupita, nyembamba. Ila sasa siwezi kuinuka, na mlango ndio huo unafunguka.

Jiko anaingia kwa miguu yake mitatu, akitembea upande upande ili asimpe Bibi mgongo. Anajisogeza chini ya kitanda. Na mara hiyo hatuko tena milimani. Tuko jikoni kwa Bibi, Tukuyu, mchana kweupe, mikungu ya ndizi inaning'inia na mvua inanyesha ndani, taratibu, kwenye sufuria tu. Ukuta haupo, lakini dirisha lipo, na kidole changu kimo.

Kuna joto zuri. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Jambo baya lingekuja na ubaya wake mlangoni ningelijua mapema.

Bibi anapiga mwayo. Jiko anaudaka ule mwayo hewani, anautafuna, anaumeza. Bibi anapiga mwingine. Jiko anaudaka huo pia.

"Unamlia Bibi pumzi," nasema.

"Nilikuambia nakula hewa. Sikukuficha."

Ni kweli, hakunificha.

"Bibi," naita, "mke wangu, amka tugombane."

Bibi anafumbua jicho moja. "Lwitiko," anasema polepole. "Mwanangu. Nimechoka."

Bibi hajawahi kuniita Lwitiko. Hata alipolazwa hospitali na mirija puani, aliniambia mume wangu niletee uji, na usiweke sukari ya bakhili. Bibi akiacha utani, ujue anafungasha.

"Paa!" nikapiga kelele, kuomba msaada.

Hilo lilikuwa kosa.

Kwenye kitanda cha juu, mtu anainua kichwa. Kumbe si bati wala turubai. Ni paa mwenyewe, mnyama, pembe fupi, miguu ameikunja chini ya kifua, makomeo ameyabana kwa meno. Nikaelewa kwa nini kitanda kile hakilaliwi paa likiwa chini. Mwenyewe amelala. Na tangu hapo sikuweza tena kusema limelala; ilibidi niseme amelala.

"Umesema paa," anasema kupitia meno. "Haya."

Akapaa.

Gari linaning'inia chini ya tumbo lake. Huko chini naona mashamba ya viazi yamekuwa meupe kwa sakitu, barafu ile nyembamba inayounguza majani alfajiri. Upepo unapiga mluzi. Blanketi la Bibi linaanza kuteleza miguuni.

"Nilikuwa nakuita!" namwambia. "Sikukuamuru!"

"Kuniita na kuniamuru ni neno lilelile. Kalalamikie lugha."

"Basi lala!"

Paa anaanza kulala palepale angani. Bibi naye, mtu mtiifu kwa mara ya kwanza maishani mwake, anazidi kulala.

"Si wewe, Bibi! Wewe usilale! Lala wewe, paa!"

"Nilale au nipae?" anauliza paa. "Umeyasema yote mawili."

Hapa mtu mwingine angelia. Mimi nilitafuta neno. Nimeshawahi kutafuta breki kwenye mteremko na sikuzikuta, nikatafuta kitu kingine, nikakikuta.

"Tulia," nikasema.

"Hilo naliweza," akasema paa. Akashuka, akakunja miguu, akayang'ata makomeo. Tuko milimani tena, tumeegesha, paa chini. Lakini jiko bado yuko chini ya kitanda, ananenepa, na Bibi amekuwa mwembamba kama sauti ya redio ya jirani.

Gari linatikisika. Nje kuna anayelisukuma kwa bega.

"Bado mmo humo?" anauliza Upepo.

Sauti ile naijua. Ameshaninyang'anya turubai, kofia, na siku moja godoro, nikiliona linaondoka kama lina safari zake. Namtazama jiko, jinsi alivyokaa na magoti pamoja, adabu tupu. Nikatabasamu.

"Jiko," nasema, "wewe ni mke wangu?"

"Bibi ameshasema."

"Mke kabisa?"

"Kabisa."

"Wa wapi?"

"Sokoni Tukuyu. Nimezaliwa pale pale kwa mafundi."

"Safi. Mnyakyusa mwenzangu. Basi huyo nje ni baba mkwe wako."

Makaa yake yakapoteza rangi. Kwetu, tangu enzi, mke hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hata akimwona njiani kwa mbali, anajifunika, anachepukia porini mpaka apite. Na jiko alikuwa amelelewa vizuri, nimeshasema.

"Upepo amekuwa baba yako tangu lini?" anauliza.

"Muulize mwenyewe."

"Mimi?" anasema Upepo, ambaye anapenda sana kutajwa. "Huyu nimemchapa tangu hajui kubadili gia. Kama huko si kulea, basi kulea sikujui."

"Umesikia. Dirisha, nirudishie kidole changu."

"Na nani atanishikilia?"

"Anakuja mwenye kidole. Karibu baba, pita hapo, kimoja kinatosha."

Dirisha linaniachia. Upepo anaingiza kidole chake, kirefu, baridi kama spana ya asubuhi. Kinanyooka juu ya kitanda, kinapapasa chini.

"Ugonile, mkamwana?"

Jiko anatoa kilio kidogo cha aibu. Ananyakua kitambaa kichwani kwa Bibi, anajifunika, anatoka mlangoni kinyumenyume huku cheche zikimdondoka. Hakuaga. Kuaga mbele ya mkwe kungekuwa utovu wa adabu.

Bibi akavuta pumzi. Ndefu, ya tumboni. Hakuna aliyeidaka.

"Mume wangu," akasema, "ndoa gani hiyo, hata chai hatujanywa?"

Nikaamka.

Kumekucha. Paa lilikuwa chini, bati kama bati. Dirisha lilikuwa wazi na baridi ikipita. Bibi alikuwa ameketi, nywele zake nyeupe ziko wazi, anakung'uta blanketi, anainua mto, anachungulia hata ndani ya viatu vyangu.

"Mume wangu, kitambaa changu umekipeleka wapi? Nililala nacho kichwani."

Mlango ulikuwa bado na komeo kwa ndani. Nikalifungua, nikatoa kichwa. Sakitu ilikuwa imetanda kila mahali, nyeupe, bila alama ya kiatu wala kwato. Kwenye majani hapakuwa na jiko. Lilikuwa kule mbali, nyuma ya kichaka, limeinama, na kitambaa cha Bibi kimelifunika mpaka shingoni, hakijaungua hata uzi.

"Umekiona?" Bibi akauliza.

"Nimekiona, mke wangu," nikasema. "Lakini nenda ukakichukue wewe. Mimi watu wanasema nafanana sana na baba."