Aili Achagua Chuo

Mwaka wake wa mwisho wa sekondari, Aili Lehto alikuwa timu nzima ya bolingi ya wasichana ya shule yao. Walianza watano. Wawili walimaliza shule, mmoja akahama, wa nne akaingia kwenye mpira wa wavu kwa sababu huko kuna watazamaji. Aili akabaki. Kila Jumatano na Jumapili alishuka kwenye ukumbi wenye njia nane, katika mji wao mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, akatupa tufe liangushe pini kumi zilizosimama mwisho wa njia, akasubiri mashine izipange upya, akatupa tena.

Baba yake, Dale, aliendesha gari la kusukuma theluji la wilaya, na kuanzia Novemba walionana kwa zamu, mmoja anaingia, mwingine anatoka. Mama yake alikuwa amehamia Arizona zamani. Kwenye mashindano ya mchezaji mmoja mmoja Aili alishinda sana, na barua za makocha zikaanza kuja.

Mwishowe vyuo viwili ndivyo vilivyobaki. Kimoja kilikuwa mwendo wa saa mbili tu kutoka nyumbani, na kocha wake alimwambia kwenye simu, "Ukija kwetu, siku ya kwanza tu wewe ndiye mchezaji wangu namba moja." Cha pili kilikuwa mbali kusini, saa kumi na nne barabarani, na timu yake ya wanawake ilijulikana nchi nzima. Huko kocha alikuwa mama mmoja aitwaye Renata Oyler, ambaye hakuahidi chochote zaidi ya kumwalika atembelee.

Walikwenda mwezi wa Machi. Baba alimshusha mlangoni, akasema atasubiri kwenye gari, kana kwamba amempeleka kwa daktari wa meno.

Ndani wasichana tisa walikuwa mazoezini, wakitaniana kuhusu jambo lililotokea ndani ya basi wiki iliyopita. Aili alicheka walipocheka, ingawa hakuelewa. Kocha Renata akamweka katika kikosi cha watu watano, wacheze mchezo mmoja kwa kupokezana, dhidi ya wale watano wengine. Raundi ni kumi, kila mtu anatupa raundi mbili tu. Aili hakuwahi kucheza hivyo. Nyumbani raundi zote kumi zilikuwa zake.

Zamu yake ya kwanza aliangusha pini zote kwa mpigo mmoja. Akageuka, akarudi moja kwa moja kwenye kiti chake, akachukua taulo, akaanza kufuta tufe lake. Kisha akainua macho. Wenzake wanne walikuwa wamesimama mstari, mikono imenyooshwa, wakingoja kugongwa viganja.

"Shosti, umetuacha hewani," alisema nahodha, msichana wa Detroit aitwaye Tamsin Boykin. "Au kwenu huko mikono inagandaga na baridi?"

Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Aili akainuka, akapita akigonga viganja kimoja kimoja, uso umemwiva.

Raundi ya mwisho ilimwangukia yeye. Alibakiza pini moja ya pembeni, akarusha tena, tufe likapita karibu kabisa bila kuigusa. Wakashindwa kwa pini tatu. Aligeuka akiwa tayari ameinamisha kichwa, na mikono ilikuwa pale pale, yote minne.

"Usijali," alisema Tamsin. "Hiyo pini inanichukia hata mimi."

Aili aliomba kwenda msalani, akajifungia huko, akalia. Kukosa pini alikuzoea. Kilichomliza ni kwamba hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumgusa baada ya kukosa.

Alipotoka, Kocha Renata alikuwa akimsubiri kwenye benchi la korido.

"Nyumbani unacheza na nani?"

"Peke yangu."

"Ukikosa, unamwambia nani?"

Aili alifikiri. "Simwambii mtu."

Kocha akaitikia kwa kichwa taratibu. "Sikudanganyi, binti. Mwaka wa kwanza hapa utakaa benchi. Utabeba mataulo na kupiga makofi. Wapo wanaochoka wakaondoka, na siwalaumu."

Wakati wa kurudi, baba aliendesha mpaka wakavuka jimbo zima la Wisconsin.

"Kile cha karibu," alisema mwishowe, "ningekuja kukutazama kila Jumamosi isiyo na theluji."

"Najua, baba."

"Kwa hiyo ni kule mbali."

"Sijasema."

"Ndiyo. Hujasema."

Akawasha redio, akaizima.

Aili alimpigia kocha wa chuo cha karibu siku ya Jumanne, akamwambia hatakwenda kwao. Yule bwana alimsikiliza, akamtakia heri, akakata simu mapema. Siku ya kutia saini shuleni, wanamichezo walipothibitisha vyuo walivyochagua, meza ya mchezaji wa mpira wa magongo ilizungukwa na watu na keki. Kwenye meza ya Aili walikuwa baba, aliyetoka kazini na viatu vyake vizito, na katibu wa shule aliyekuja kupiga picha.

Kocha Renata alisema kweli. Vuli nzima Aili alibeba mataulo. Wenzake walimpenda, lakini walikuwa na miaka yao pamoja, na yeye hakuwemo. Asubuhi nyingi alikula mkate na mayai peke yake dirishani, akiangalia uwanja usio na theluji, na mara mbili aliandika barua ya kuomba kuhama, akaifuta.

Februari, kwenye mashindano, msichana mmoja aliumia kifundo cha mkono. Kocha akamwita Aili bila hata kumwangalia. "Unatupa nafasi ya pili. Nenda."

Alicheza michezo minne. Hakung'ara, wala hakuharibu. Jioni alimpigia baba.

"Nimecheza leo."

"Wamekuweka nafasi ya ngapi?"

"Ya pili."

"Ya pili," baba alirudia, kama anayeandika mahali. Kisha akauliza, "Unakula vizuri?"

"Nakula."

Aili alisikia maji yakichemka jikoni kwao, umbali wa saa kumi na nne, na baba hakwenda kuyaipua. Walikaa hivyo muda mrefu, simu sikioni, bila yeyote kuaga.