Babu wa Kalenda ya Magodoro

Aliyenisimulia haya ni binti mwenyewe wa kisa hiki, msimu wa mvua uliopita, tukikunja nguo zilizogoma kukauka. Siku hizi ni mtu mzima na heshima zake, lakini wakati huo alikuwa bado mtoto, mwenye ulimi wa makali, na nyumbani wakimwita Mkasi. Mdogo wake wa kiume walimwita Gundi, kwa sababu chochote alichokigusa kiliondoka naye.

Hawakwenda shule. Mama yao, fundi cherehani, aliwafundisha mwenyewe humo humo chumbani kwa kushonea: hesabu kwa utepe wa kupimia, na historia kwa kubandika. Walikuwa na kitabu kinene cha mabandiko, kimejaa vipande vya magazeti, stempu, picha za ukoo, hata kipande cha gauni la harusi ya bibi. Chini ya kila bandiko sharti lijibiwe swali moja: Tumejuaje? Nani aliona, nani alisema. Usipojua, acha wazi. Mama alikuwa akisema historia bila shahidi ni umbea uliovaa viatu.

Basi ikaja habari kwamba Shangazi yuko njiani. Shangazi huyu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mlezi wa bweni katika shule ya mbali, mwanamke wa kuliona vumbi kabla halijatua. Alishasema kwenye simu: amewawekea watoto vitanda viwili, na asipoona elimu ya maana humo ndani, ataondoka nao. Baba hakuwa na ubavu wa kumpinga. Baba yao alipofariki, yeye alikuwa bado ananyonya, na dada huyo, mdogo vile vile, ndiye aliyembeba mgongoni.

Mkasi akapekua kitabu. Ukurasa wa Babu, huyo baba wa Shangazi na baba, ulikuwa mtupu. Babu hakuwahi kupigwa picha maishani mwake.

"Shangazi akiliona pengo hili, tumekwisha," akamnong'oneza mdogo wake.

"Si tumtafutie babu mwingine," Gundi akajibu, kama mtu anayesema tukanunue kiberiti.

Ukutani palining'inia kalenda ya zamani ya duka la magodoro. Juu yake mzee mwenye masharubu amejilaza, macho kafumba, anatabasamu usingizini. Mkasi alikata kichwa na mabega, akamsimamisha wima ukurasani, akampaka gundi ya kutosha. Pembe ya mto ilibaki nyuma ya sikio. Akaichorea matofali, ikawa ukuta. Chini, kwenye Tumejuaje, mkono ulimwia mzito. Akaacha wazi.

Shangazi akafika. Wakamwamkia, akaitikia huku akipitisha kidole juu ya cherehani. Hata chai hakungoja.

"Wifi, hebu nione hiyo shule yenu ya kukata makaratasi."

Akafungua kurasa, anaguna tu. Alipofika kwa Babu, akakisogeza kitabu machoni. Mama, aliyekuwa anachungulia begani kwake, akamtupia Mkasi jicho la sindano, akafungua mdomo. Lakini Shangazi alishatoa leso.

"Ndiye! Baba yangu huyu! Masharubu yale yale! Na alikuwa mcha Mungu, jamani, mnaona anavyoomba? Mmeipata wapi?"

Baba alizama kwenye kikombe chake.

"Na hapa mbona wazi? Andika, mwanangu: Shangazi alimwona kwa macho yake."

Mkasi akashika kalamu. Anasema aliviona vitanda viwili vikiondoka mlangoni bila watu, na alichotakiwa kufanya ni kuandika tu. Lakini Gundi hakuumbwa na subira. Alikivuta kitabu, akakilaza ubavu.

"Shangazi, tazama! Ukimgeuza hivi, analala. Vile vile kama kwenye kalenda!" Akanyoosha kidole ukutani, penye godoro lenye mzee asiye na kichwa.

Chai ikamtoka baba puani.

Shangazi akaitazama kalenda, akatazama kitabu. Shingo ikamvimba. "Nani kafanya ujinga huu?"

"Mimi, Shangazi," Mkasi akasema. "Nilitaka tusichukuliwe." Kisha ule ulimi wake ukamponyoka: "Lakini mimi nimekata tu. Aliyeapa ni wewe."

"Mtoto!" mama akafoka.

Shangazi aliinua mkono, wote wakajua kofi hilo. Mkono ukarudi pajani. Akacheka kwanza puani, halafu tumbo zima.

"Njia ya mwongo fupi, na mimi nimeikimbia mbio. Sura yake siikumbuki, wanangu. Nilikuwa mtoto wa kubebwa. Alinipakia mabegani, nikamshika masikio kama usukani. Ninachokijua ni kisogo, basi."

"Kwani kisogo si historia?" Gundi akauliza.

Mama akatupa mezani mabaki ya vitambaa. Shangazi akakata kisogo mwenyewe, akagombana na kila mtu: sikio kubwa zaidi, hapana, limebinuka hivi! Akamwamuru baba asimame awape mgongo. Akayatazama masikio.

"Ni hayo hayo," akasema, sauti ikiwa imeshuka. "Nayaona kila mwaka, wala sikujua."

Babu wa magodoro akabanduliwa, mahali pake kikabandikwa kisogo cha kitambaa. Mkasi akaandika chini: Shangazi alishika masikio yake.

"Vile vitanda," Shangazi akasema wakati wa kutandika, "nitawapa watoto wa watu. Lakini nitakuja tena kukagua. Na mimi nataka ukurasa wangu, wenye picha ya kweli."

Akalala chumbani kwa watoto. Gundi alishalala zamani, kipande cha kitambaa kimemnasa shavuni. Baba na mama wakazima taa upande wao. Shangazi akaendelea kumsimulia Mkasi habari za mabegani, mpaka akakatika katikati ya neno, akakoroma. Mkasi akangoja amalizie, akangoja, naye usingizi ukamchukua.