Gari la Aiskrimu la Mzee Emrys

Mererid Pugh alikuwa karani wa shule ya msingi ya kijiji cha Llanerfyn kwa miaka thelathini na nne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza hata karatasi moja. Ndiyo maana barua ya ofisi ya magari ilipofika, asubuhi moja ya Aprili, alidhani imekosea nyumba. Akaisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi. Ilisema kwamba gari lililoandikishwa kwa jina lake halikulipiwa kodi, wala halikutolewa taarifa kwamba limewekwa pembeni na halitembei barabarani, na kwa hiyo anatozwa faini ya pauni themanini.

Gari lenyewe alilijua vizuri. Lilikuwa la baba yao, mzee Emrys, aliyeuza aiskrimu ufukweni kila kiangazi mpaka alipofariki. Likaandikishwa kwa jina la Mererid, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye anayejua kujaza fomu, naye akalitafutia mnunuzi huko Birmingham. Siku ya mnunuzi kuja, Mererid aliweka kadi ya gari kwenye droo iliyo chini ya usukani, akaenda zake kanisani. Aliporudi hakukuta gari. Mdogo wake, Nesta, mfugaji wa kondoo huko juu mlimani, alikuwa amelipandisha hadi uani kwake ili lisiuzwe, na mnunuzi akarudi Birmingham kwa treni ileile iliyomleta.

Tangu hapo, mwaka mmoja na nusu, ndugu hao hawakusemeshana. La lazima lilipitia kwa Idwal, jirani yake Nesta, aliyeshuka na trekta kila Ijumaa kumletea Mererid mayai.

Sasa Mererid akakumbuka. Mwezi wa pili ilikuja notisi: lipa kodi, au toa taarifa kwamba gari haliko barabarani. Alimpa Idwal aipeleke juu, pamoja na ujumbe kwamba aliyechukua gari achukue na shughuli zake. Ijumaa iliyofuata Idwal aliirudisha, na ujumbe kwamba mwenye jina kwenye karatasi ndiye mwenye kuandika. Jibu hilo lilimkera Mererid kupita kiasi. Akaketi kumwandikia Nesta barua ya kumweka sawa. Ikafika kurasa nne, akaichana, akaianza upya ikawa sita, na kwa wiki mbili nzima kazi yake ilikuwa kutafuta maneno makali ambayo mtu wa kanisa bado anaweza kuyatumia. Barua hiyo hakuituma. Na notisi, ambayo ingemchukua dakika tano, aliisahau kabisa.

Kilichomuuma si faini. Ni kwamba alitafuta mtu wa kumlaumu nyumba nzima, na hakumpata ila yeye mwenyewe.

Ili atoe taarifa alihitaji namba iliyo kwenye kadi. Kadi ilikuwa kwenye droo, na droo ilikuwa kwa Nesta. Akavaa koti lake la kanisani, maana hakutaka Nesta amwone na koti la kila siku, akapanda mlima kwa miguu. Alipofika alikuwa anahema na amejaa maneno kifuani hivi kwamba alipita getini bila kulifunga, jambo ambalo huko mlimani hata mtoto hafanyi.

Nesta alikuwa uani, amevaa mabuti ya mpira, anakoroga maziwa ya unga kwenye ndoo. Mbwa wake, Mot, alikuwa amelala mlangoni. Gari la aiskrimu lilikuwa katikati ya uwanja, pua imeelekea bondeni, safi, linang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa baba yao alipokuwa hai. Hilo Mererid hakulitarajia, na lilimharibia mpangilio wa maneno yake. Basi akazungumza na mbwa.

"Mot, nimekuja kuchukua kadi ya gari. Sina lingine."

Nesta hakuinua uso. "Mot, mwambie mgeni mlango uko wazi. Na aingie polepole, kuna watoto wamelala."

Watoto hao walikuwa wanakondoo wawili waliofiwa na mama yao. Nesta aliwatandikia majani makavu nyuma, pale lilipokuwa friza, na kuwawekea redio kwa betri ya gari, kwani aliamini kwamba sauti ya watu wanaobishana huwafariji. Mererid akajipenyeza kwenye kiti cha dereva, akavuta droo. Droo ikagoma. Akavuta kwa mikono miwili. Ikafunguka ghafla, kadi ikaruka hadi chini, naye katika kuinama kuiokota akajishikiza kwenye kitu cha kwanza alichokipata. Kitu hicho kilikuwa hendibreki.

Kwa kawaida kulikuwa na jiwe mbele ya gurudumu. Lakini jiwe hilo Nesta alikuwa amelihamisha tangu juzi kuzibia mlango wa banda la kuku.

Gari likaanza kuondoka kwa adabu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Mererid alikanyaga breki, ikaitika kidogo tu. Akashika usukani. Katika kuhangaika kiwiko chake kikagonga swichi, na spika juu ya paa ikaanza kupiga muziki, wimbo wa kanisani ambao mzee Emrys aliuchagua ili wazee wa kanisa wasimlalamikie kwa kuuza siku ya Jumapili. Likapita getini, likashika njia ya kijijini. Nesta nyuma akidondosha ndoo, Mot akibweka, na wanakondoo, wameamka, wamesimama kwenye dirisha la kuuzia, wakitazama mashamba yanavyopita.

Llanerfyn haikuwa imesikia muziki ule kwa miaka miwili. Watu walitoka majumbani. Gari lilipovuka daraja na kuishiwa nguvu kwenye kilima kidogo mbele ya duka, tayari kulikuwa na watu watano wamejipanga foleni, na mzee mmoja alimwuliza mwanakondoo kama ya vanila ipo.

Na pale mlangoni mwa duka, na mkate wenye jibini mkononi, alikuwa amesimama konstebo Lowri, ambaye Mererid alimjua tangu akiwa na miaka mitano. Miaka sita mfululizo Lowri alichelewa shule kila siku, na kila siku alisimama kwenye dirisha la karani, akaandikwa kwenye daftari.

"Habari za asubuhi, Bi Pugh," Lowri alisema. "Hili gari limelipiwa kodi?"

"Halijalipiwa."

"Bima?"

"Halina. Na halikutolewa taarifa. Notisi ilikuja mwezi wa pili nikaisahau. Tena geti sikulifunga."

"Geti sijakuuliza. Ulikuwa unaliendesha?"

Mererid alifikiri, maana hakutaka kusema uongo. "Lenyewe ndilo lililokuwa likinipeleka."

Lowri alitoa daftari lake, akafungua ukurasa mpya, akatafuta kalamu, hana haraka hata kidogo. "Sababu ya kuchelewesha taarifa?"

Watu wa foleni wakasogea karibu. Muziki ulikuwa bado unapigwa. Mererid, kwenye kiti cha baba yake, alikuwa na majibu mengi, kurasa sita.

"Hasira," alisema.

Wakati huo Nesta akawasili anakimbia, buti moja limebaki njiani. Alipanda kwenye bampa, akaipiga spika ngumi moja, ikazima. Akawatazama wanakondoo, kisha akachungulia dirisha la dereva.

"Umeumia, dada?"

"Sijaumia. Geti nililiacha wazi."

"Nimeliona. Jiwe nililitoa mimi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyoambiana uso kwa uso baada ya mwaka mmoja na nusu, na hakuna aliyeyaona ya ajabu isipokuwa wao.

Lowri aliamua kwamba hakuona mtu akiendesha gari, aliona gari limetoroka, na kwamba mpaka atakapomaliza mkate wake liwe limeondoka. Idwal akaitwa na trekta. Wakisubiri, Lowri akampa Mererid simu yake, ukurasa wa ofisi ya magari umefunguliwa. Mererid akaandika namba kutoka kwenye kadi, tarakimu moja moja, kisha akasita.

"Bonyeza tu, Bi Mererid," Idwal alisema, ameshafunga mnyororo. "Mimi nina ng'ombe wananisubiri."

"Wananiuliza kama gari haliko barabarani. Liko barabarani."

"Dakika kumi litakuwa haliko," Lowri alisema.

"Basi nitajibu baada ya dakika kumi."

Ikabidi msafara mzima upande mlima: trekta, gari la aiskrimu na wanakondoo wake, Nesta na buti moja, Lowri aliyekuwa hawezi kuondoka bila simu yake, na watu wawili wa foleni ambao hawakuwa na kazi nyingine. Mererid alitembea mwisho kabisa, simu ameinyoosha mbele kama mshumaa. Getini alisimama, akainama, akahakikisha kwa macho yake kwamba gurudumu la mwisho limeingia ndani. Ndipo akabonyeza. Kisha akafunga geti, akalitikisa mara mbili.

Faini haikufutwa. Waliilipa nusu kwa nusu, na walibishana juu ya hilo pia. Lakini mchana ule Nesta alikoroga maziwa mengine, akamtilia dada yake chupa moja mkononi bila kumwuliza, na Mererid akaketi kwenye ngazi ya gari na koti lake la kanisani, mwanakondoo ananyonya chupa. Akauliza anaitwa nani.

"Siwapi majina," Nesta alisema. "Wa kuuzwa ukimpa jina humuuzi tena."

Mererid alimpangusa yule mwanakondoo maziwa kidevuni kwa leso yake. "Huyu binti ni Gwladys," alisema.

Nesta alimtazama dada yake, akamtazama mwanakondoo, akashusha pumzi ndefu.

"Ni dume," alisema.