Kata ya Chuma

Kreti ya bia haiingii tena kanisani, alisema padri, na siku ya jubilei ya parokia haitaonekana hata uani.

Kwa miaka mingi kreti hiyo ndiyo iliyokuwa kiti cha ngoma ya Mzee Munyemana. Ngoma za wenzake, zile kubwa, husimama chini zenyewe na kumfikia mpigaji kiunoni. Yake ilikuwa ishakwe, ndogo, yenye sauti kali inayotangulia na kuwaonyesha wenzake njia, nayo lazima iinuliwe kidogo ndipo fimbo ziifikie vizuri. Munyemana aliichonga akiwa kijana kule Bukavu, upande wa Kongo, kutoka gogo la mti wa umuvugangoma. Familia iliporudi Rwanda, wengine walivuka daraja la Rusizi na magodoro na sufuria. Yeye alivuka na ngoma mgongoni.

Sasa mikono yake ilitetemeka na macho yalikuwa yameingia ukungu. Ngoma alimkabidhi Gisa, mwanawe mkubwa, kiongozi wa wapiga ngoma wa parokia, kwa sharti moja lililotamkwa mbele ya nyumba nzima.

"Isitobolewe. Ule ubao ni mwembamba sawa kidole changu kidogo. Niliukwangua mwezi muzima mpaka ukakuwa vile. Muntu akiingiza chuma mule, utapasuka, na ukisha kupasuka hautaimba tena. Utakoroma."

Siku kumi kabla ya jubilei, Gisa alifika Kamembe, kwenye karakana ya dada yake Patricie. Patricie alikuwa fundi wa kuchomelea. Cheti chake cha ufundi kilining'inia ukutani ndani ya kioo, juu ya mitungi ya gesi, na katika miaka minne baba yao hakuwahi kuingia pale akakitazama. Binti kushika cheche za moto, kwa Munyemana, lilikuwa jambo la kuvumilia tu, kama mvua siku ya harusi.

"Pati, nikatie miguu tatu ya chuma," Gisa alisema. "Natoboa, nakaza, bon, imekwisha. Padri atafurahi."

"Papa alisema nini?"

"Papa anasema bintu bingi."

"Hiki alikisema mara moja, na weye ulikuwa umekaa pale, unakula."

Gisa akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kicheko kilichomfungulia milango mingi tangu utotoni.

"Niachie mpaka Jumamosi ya kuamkia jubilei," Patricie alisema. "Itasimama bila tundu hata moja."

"Itasimama na nini? Na rozari?"

Lakini alikubali, na Patricie akaanza. Ngoma ilikaa katika ukumbi wa parokia, basi kila jioni alipofunga kazi alikwenda huko na mkoba wake. Kwanza alitengeneza kulabu tatu za kushika kamba za ngozi zilizoizunguka ngoma kutoka juu hadi chini. Zilishika kweli, ila zilizivuta kamba, ngozi ya juu ikalegea na sauti ikashuka. Siku ya pili alileta mkanda wa chuma wa kuizunguka ngoma, wenye bolti moja ya kubana. Alipoulegeza, ngoma iliteleza. Alipoukaza, ngoma ilitoa sauti ya mtu aliyekabwa koo. Aliufungua haraka kama aliyemkosea mgonjwa, akairudisha ngoma mahali pake na kwenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Aliogopa. Hakuogopa padri wala jubilei. Aliogopa kwamba Jumapili ingepita na yeye angebaki kuwa yule yule, binti mwenye vyuma. Alitaka kitu kimoja: baba yake aisikie ngoma yake ikilia, nzima, juu ya kazi ya mikono ya Patricie, na aseme neno lolote. Hata "mmh" ingetosha.

Jibu lililetwa na Maman Bernadette. Alikuwa mwanamke wa Bukavu aliyevuka mpaka wa Rusizi ya Pili kila asubuhi na beseni la bidhaa kichwani, na siku hiyo mkono wa beseni lake ulikuwa umekatika. Alilitua kwenye sakafu ya karakana pamoja na kata yake, ile pete ya majani ya mgomba yaliyosokotwa ambayo wanawake huiweka utosini chini ya mzigo. Sakafu ilikuwa na mashimo na mabonde, lakini beseni, ambalo chini ni jembamba na juu ni pana, lilizama kidogo ndani ya kata na kutulia kimya.

"Maman," Patricie aliuliza polepole, "ukiwa ku daraja, batu banakusukuma huku na huku, hii beseni unaikaza na nini?"

"Naikaza?" Maman Bernadette alijipiga paja. "Naikaza na misumari ku kichwa? We mutoto! Uzito wake njo unaikaza. Inakaa yenyewe."

Patricie alichuchumaa kando ya beseni. Ishakwe nayo ilikuwa pana juu na nyembamba chini. Haikuhitaji kushikwa. Ilihitaji kukalishwa.

Alipima unene wa ngoma kwa uzi, akafunga fundo mahali alipotaka ikae. Akakunja chuma bapa mpaka kikawa pete kamili, akakivika mpira wa ndani wa baiskeli usiguse ubao wala kuzima sauti, akachomelea miguu mitatu iliyotanuka kidogo chini. Ijumaa aliipeleka ukumbini kabla ya kuipaka rangi. Ngoma ilizama ndani ya pete upana wa kiganja, ikakaa. Akaipiga. Ikalia kama ilivyolia utotoni mwake, kali na safi. Akaipiga tena, kwa nguvu zote. Haikusogea.

Wapiga ngoma wawili waliokuwa mlangoni pamoja na Gisa walicheka.

"Gisa, dada yako ametuletea kata! Kesho atatuletea na maharagwe ya kubandika?"

Gisa alicheka nao, lakini macho hayakucheka. Patricie aliliona hilo na hakulitilia maanani. Alirudi na pete yake kuipaka rangi.

Jumamosi asubuhi alikwenda Giheke kufunga lango la shule, kazi aliyoiahidi tangu mwezi uliopita. Aliporudi mchana, pete ilikuwa imekauka, nyeusi, inameta. Rafuni, mahali pa mashine ya kutoboa, palikuwa patupu.

"Kaka yako ameipitia," alisema Béata, jirani muuza maandazi. "Amesema umemutuma."

Patricie aliitia pete begani na kukimbia. Hata alipokuwa akikimbia alijua.

Ngoma ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi juu ya miguu mitatu ya mabomba, na katika kila mguu skrubu mbili nene zilikuwa zimezama ndani ya ubao. Chini ya skrubu moja ulikuwa umeanza ufa mwembamba, mrefu kama njiti ya kiberiti. Unga wa mbao ulikuwa bado sakafuni.

"Gisa."

"Usianze, Pati. Askofu anakuja. Hii kitu ikiruka mu kata yako mbele ya askofu, nani atachekwa? Weye? Ni miye."

"Uliniona nikiipiga jana. Ilisogea?"

"Batu balicheka."

"Batu balicheka," Patricie alirudia. "Na Papa?"

"Papa haone vizuri."

"Lakini anasikia."

Aliomba azitoe skrubu zile, azibe matundu, ngoma ikae katika pete kabla ufa haujatembea. Gisa alitazama saa. Wapiga ngoma walikuwa wakingoja mazoezi ya mwisho. "Jubilei ipite kwanza," alisema. "Kisha jubilei utafanya unachotaka."

Kutoka pale Patricie alikwenda moja kwa moja Mururu, nyumbani kwa baba yake, akiwa amekata shauri kusema kila kitu. Alimkuta Mzee ameketi kitandani, shati jeupe limepigwa pasi na kutundikwa mbele yake, akigonga magoti kwa vidole na kufuata mdundo anaoujua peke yake.

"Ni weye, Patricie? Kaa. Kesho nitasikia ngoma yangu mbele ya askofu. Unajua, ile siku ya daraja, mwanajeshi aliniambia niiache. Nilimwambia, chukua godoro."

Alicheka mpaka akakohoa. Patricie alimpa maji. Alikaa naye kitambo, akamsikiliza, na maneno aliyokuja nayo akayameza moja baada ya jingine. Aliondoka. Huenda ufa ungesubiri. Huenda Jumapili ingepita.

Jumapili haikupita. Munyemana aliketishwa safu ya mbele, mkongojo katikati ya magoti. Ngoma kubwa zilinguruma, kisha Gisa, amependeza, akainua fimbo na kuigonga ishakwe. Pigo la kwanza tu, Patricie aliona kichwa cha baba yake kikigeuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Pigo la tano, ngoma ilianza kukoroma. Watu hawakugundua, walipiga vigelegele, askofu akatikisa kichwa kwa furaha. Mzee aliinama, akaweka paji la uso juu ya mkongojo wake, na hakuinuka mpaka misa ilipokwisha.

Uani, wakati wa soda, aliomba aletewe ngoma. Aliipapasa kuanzia juu. Vidole vilivyotetemeka vilifika kwenye skrubu ya kwanza, vikatulia, vikaendelea. Alihesabu kwa sauti ya chini hadi sita. Kisha akaufuata ufa kwa ukucha wake, na sasa ulikuwa umepanda hadi karibu na ngozi.

"Mu familia yangu," alisema, "nani ana mashine ya kutoboa?"

Gisa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, chupa mkononi.

"Ni yangu, Papa," Patricie alisema. "Lakini si miye niliye…"

"Ni yako?"

"Ni yangu. Muulize Gisa."

Mzee aligeuza uso kuelekea upande aliodhani mwanawe yupo. Gisa angeweza kusema neno moja. Alikuwa na muda wa kulisema. Patricie aliuona muda huo ukipita, mrefu, na nzi akitembea juu ya mdomo wa chupa.

"Papa, tusigombane leo," Gisa alisema kwa upole. "Ni jubilei."

Munyemana alitikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye hesabu yake imetimia.

"Jana ulikuja kwangu, Patricie. Ulinipa maji. Nikakuongelesha juu ya ngoma, na ukanyamaza. Nilijiuliza, huyu mutoto ananyamazia nini?" Akaisukuma ngoma kwa mguu, kidogo, kama anavyosukumwa mbwa wa watu. "Sasa nimejua. Muichukue."

Jumanne Gisa alikuja karakana na ngoma kwapani. Kulikuwa na harusi siku ya Jumamosi. Hakuomba msamaha, aliuliza kama ile pete bado ipo.

Patricie alizifungua skrubu sita moja moja. Alijaza matundu kwa vijiti na gundi, akaupaka ufa gundi, akauacha ukauke. Kisha akaikalisha ngoma katika pete. Ilizama upana wa kiganja, ikatulia. Ilikaa vizuri kabisa, na alipoigonga, ilikoroma.

"Unaona?" Gisa alisema. "Kata yako inafanya kazi."

"Ichukue," Patricie alisema. "Ila kwanza pita Mururu. Umwambie Papa nani alitoboa."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo, Pati. Naapa."

Aliondoka na ngoma upande mmoja na pete upande mwingine. Siku ya Ijumaa Patricie alimtuma Béata apeleke kwa Mzee sahani ya sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, kama alivyofanya kila Ijumaa. Béata alirudi nayo. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vile vile, kwa fundo lile lile alilolifunga Patricie.

"Amesema ameshiba," Béata alisema, akitazama pembeni.

Wiki mbili baadaye mwanamume mmoja kutoka kikundi cha Giheke alisimama mlangoni na ishakwe mikononi. Ilikuwa mpya, ubao wake mweupe bado.

"Ni hapa banatengeneza ile kata ya Gisa? Tuliiona ku harusi. Ngoma inasimama, hakuna tundu, hakuna nini!"

"Ni hapa."

"Yule kaka yako ana akili, weh."

Patricie alichukua uzi, akauzungushia ngoma ile nzima, akafunga fundo.

"Anazo," alisema. "Rudi Alhamisi. Na ngoma yako ondoka nayo. Hapa haitalala."

Akashusha kinyago cha kuchomelea usoni kabla hata ya kuwasha moto.