Yowe Nililolipiga Mwenyewe

Mjukuu wangu Iteka hudaka mpira kwa mikono miwili, huukumbatia kifuani kwa muda wa pumzi moja, kisha huuweka chini taratibu na kuusukuma kwa kiganja umrudie aliyeupiga. Hajui namna nyingine. Nimemwona akifanya hivyo kwa mpira wa majani ya migomba na kwa mpira wa ngozi, na sijamwona akiuacha mpira umpite bila kuufuata, ila mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo ninayoieleza.

Ana umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, binti yangu, alifariki mwaka wa pili baada ya sisi kutoka Burundi na kupokewa hapa Lusenda, kambi ya wakimbizi nchini Kongo. Tangu hapo tumebaki wawili. Iteka husema maneno machache, wala havumilii makelele: sufuria ikianguka, hujikunyata kama aliyechapwa. Nilifundisha shule ya msingi kule Rumonge kwa miaka thelathini na miwili, nami nakiri kwamba mwanzoni nilimdhania mkaidi, nikamwadhibu. Nilipotambua kosa langu, nilimfumia kofia ya sufu na kushonea pamba ndani yake, penye masikio. Huivaa hata jua likiwa utosini.

Aliyemwelewa kabla yangu ni Casimir, fundi mwashi kutoka mji wa Baraka aliyepoteza mguu wa kushoto kwa risasi. Ameunda timu ya watu wa hali yake, wanaocheza kwa mguu mmoja na magongo mawili. Kipa wao, ambaye peke yake huruhusiwa miguu miwili, alipohamia Kazimia, Casimir alimwona Iteka akiupiga mpira kwenye ukuta wa kanisa na kuudaka, akamwita kwa kumpungia mkono. Tangu siku hiyo hakutumia filimbi. Aliwazoeza wachezaji wake kulitazama gongo lake: likiinuliwa, mchezo unasimama. Uwanja ulikuwa kimya hata ungesikia magongo yakichoma mchanga. Wapo waliocheka wakisema kwamba ile si timu, ni mazishi. Mimi kila Jumamosi niliketi kando na kufuma, na sikuwa na raha nyingine duniani.

Mwezi wa saba ilikuja timu ya Baraka. Casimir alikubaliana nao kwamba mwamuzi atumie kitambaa chekundu badala ya filimbi. Kazi ya kuwaonya watazamaji niliichukua mimi, nikapita nyumba kwa nyumba kama nilivyopita kati ya madawati. Jirani yangu Pulchérie, ambaye sauti yake hufika kisimani kabla yake, aliniuliza kama kupiga chafya kunaruhusiwa. Nikamwambia chafya zake azipige kwake.

Walinitii. Watu zaidi ya mia tatu walisimama kuuzunguka uwanja huku wanawake wameziba vinywa kwa pembe za vitenge. Timu yetu ilikuwa mbele kwa bao moja, na muda ulikuwa unakwisha, mwamuzi alipoinua kitambaa kuonyesha penalti. Mpigaji wa Baraka alijiegemeza kwenye magongo yake, akaupiga mpira chini, pembeni. Iteka akajirusha, akaudaka, akaukumbatia.

Ndipo nikasikia kigelegele. Kilikuwa kirefu na chembamba, kama nyanya zangu walivyonifundisha kukipiga arusini, na kilikuwa kinatoka kinywani mwangu.

Pulchérie alikipokea, na wanawake wote wakampokea Pulchérie. Madumu yakapigwa, na ngoma iliyokuwa imefichwa nyuma ya watu ikatolewa. Mpira ulimponyoka Iteka mikononi nao ukabiringika hadi langoni, wala hakuutazama. Kofia ilikuwa imeanguka. Aliziba masikio kwa viganja, akapenya katikati ya watu, akaingia kwenye mashamba ya mihogo yanayoteremka kuelekea ziwani.

Nilimfuata kwa miguu yangu ya miaka sabini na mmoja. Nilipofika ukingoni mwa mihogo sikumwona tena. Nikapiga yowe.

Kwetu Burundi yowe la msiba huitwa induru, na lina sheria zake. Anayelisikia hana hiari: hulipokea, hulipiga naye, huja mbio. Asiyelipokea huhesabiwa adui. Wala halikomi mpaka anayetafutwa apatikane, mzima au maiti. Basi yowe langu lilipanda kambini mtaa kwa mtaa, likafika barabarani, na Wabembe wa vijiji jirani wakaliongezea honi za pikipiki na kengele ya kanisa. Jina la mjukuu wangu liliitwa kutoka kila upande. Nilishukuru. Nilijiambia kwamba watu wengi namna hii hawawezi kumkosa mtoto mmoja.

Karibu na ziwa, mimi na wachache walionifikia tulimkuta mama mmoja akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani. Alikuwa amemwona.

“Alikuwa anasimama pale, anapumuzika,” alisema. “Makelele ikitoka kule juu, anakimbia tena. Mara ine nilimuona vile. Sasa ameingia mu matete. Na mule mamba iko, mama.”

Casimir alitufikia akihema, makwapa yake yamechubuliwa na magongo, mpira ameufunga mgongoni kwa shati. Aliyatazama matete, akageuka kuwatazama watu walioteremka nyuma yetu wakipiga madumu.

“Mwalimu,” alisema, “mutoto hakimbie batu. Anakimbia sauti. Ni siye tunamusukuma mu maji.”

Niliwageukia waliokuwa karibu, nikawaomba wanyamaze. Walinionea huruma, wakazidisha, kwa kuwa walidhani uchungu umeniondoa akilini. Nilimshika Pulchérie mabega na kumweleza. Alikuwa akilia, na alinijibu kwa upole ambao sikuuzoea kwake.

“Mama Mwalimu, yowe halizimwi. Ukilizima, umemtupa mtoto.”

Alisema kweli. Nililijua neno moja tu linaloweza kulizima. Maishani mwangu sikuwahi kumwambia mtu neno la uongo, na wanafunzi waliosema uongo niliwapigisha magoti juu ya changarawe. Zaidi ya hayo, nilijua neno lile litafanya nini: wote watarudi majumbani, na mtoto akishikwa na maji au na mnyama, hapatakuwa na mkono wa kumvuta ila wa kikongwe na wa mtu mwenye mguu mmoja. Yowe lilipopanda tena, nikaona kule kwenye matete vichwa vya mimea vikitikisika, mbali zaidi kuliko mwanzo, karibu na maji yaliyo wazi.

“Amepatikana,” nilimwambia Pulchérie. “Ametokea upande wa pili wa matete, watu wa Casimir wamempeleka nyumbani kwa njia ya juu. Waambie wote warudi. Wala pasiwe na kigelegele hata kimoja, akishtuka tena tutampoteza.”

Alinikumbatia. Kisha alipanda mlima mbio, akieneza habari kwa ishara ya mikono na kwa minong'ono, yeye Pulchérie. Sauti zilizimika moja baada ya moja, kama moto unaozibwa kwa mchanga. Kengele ya kanisa ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mama wa ndagala alikusanya nyavu zake, akatupongeza kwa kichwa, akaenda.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa limebakiza kama saa moja.

Casimir aliketi mchangani mbele ya mtumbwi uliopinduliwa, akaanza kuupiga mpira kwenye ubavu wake na kuudaka, kwa mwendo uleule aliomkuta nao Iteka kwenye ukuta wa kanisa. Aliupiga mara nyingi. Hakuna kilichojibu. Kenge alitoka kwenye matete, akatutazama, akaingia majini bila haraka.

Ulimi wangu ulikuwa ukilitafuta jina la mtoto. Nilikunja pembe ya kitenge changu na kuisindika kinywani, nikaiuma, nikasimama hivyo. Niliwaza kwamba kambi nzima inapika chakula cha jioni kwa amani, na amani hiyo nimewapa mimi. Niliwaza maneno nitakayowaambia nikirudi na maiti, au nikirudi bila maiti.

Casimir alinionyesha mpira, kisha akanionyesha mwanya mwembamba kati ya matete. Nilielewa anachouliza. Tulikuwa na mpira mmoja tu. Na Iteka alikuwa ameuacha mpira mara moja tayari, mchana uleule, kwa sababu yangu. Nikakubali kwa kichwa.

Alisimama juu ya magongo yake na kuupiga chini, taratibu, kama anavyowapigia watoto wadogo. Ukaingia mwanyani. Tulisikia maji yakiupokea, kisha hatukusikia kitu. Kivuli cha mtumbwi kilirefuka hadi miguuni pangu. Casimir aliinamisha kichwa, nami niliona kwamba machozi yanamdondoka kwenye mshikio wa gongo.

Mpira ulitoka. Haukuja kwa nguvu. Ulisukumwa kwa kiganja, umelowa, umebeba tope, ukasimama hatua tatu kutoka kwenye matete. Casimir aliufuata na kuupiga tena, karibu zaidi. Ukarudi. Mara ya tatu ulirudi pamoja naye, akitambaa nyuma yake, tope hadi kifuani na damu kwenye goti. Hakututazama. Aliutazama mpira mpaka ulipogusa gongo la Casimir, ndipo akaziba masikio tena.

“Wamenyamaza?” aliuliza.

Niliitoa nguo kinywani, lakini sikudiriki kumjibu kwa sauti. Nilitikisa kichwa kukubali.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Pulchérie na kumweleza yote. Alikuwa akichambua maharage, akasimamisha mikono.

“Kumbe nilikuwa napika,” alisema, “na mtoto yumo majini.”

“Ndiyo.”

“Ungeniambia ukweli ningenyamaza.”

“Nilikuambia. Hukunyamaza.”

“Sikunyamaza,” alikubali, akarudia maharage yake. Hakunikaribisha kuketi. Mitaa mingine miwili nimekwisha kuipitia kwa ungamo lilelile. Wengine hunisamehe, wengine husema kwamba siku nikipiga yowe tena watauliza kwanza kama ni la kweli.

Jumamosi tatu zimepita. Casimir huja mpaka mlangoni petu na kuinua gongo, naye Iteka hutoka, huudaka mpira, huukumbatia, humrudishia kwa kiganja. Uwanjani hakanyagi. Nami nikikaribia, hata kumwita kula, huziba masikio kabla sijafungua kinywa.