Kaburi la Mpishi

Sheria ya nyumba ile ya kulelea watoto kila mtu aliijua: mtoto wa kufadhiliwa ni yatima. Mpishi naye alikuwa na binti, tena hai na mwenye njaa. Msimamizi, waliyemwita Bibi Funguo kwa rundo la funguo lililomning'inia kiunoni, alilimaliza jambo hilo kibabe. Mtoto angelala bwenini, angekula na kusoma, ila angemwita mama yake "mpishi" kama wenzake. Wakiwa wawili tu jikoni, mlango umefungwa, ruksa kusema mama. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa doa lake la shavuni, hakukosea hata siku moja, na mama mtu alijivunia jambo hilo, masikini.

Kisha mfadhili wa Kidoti akaja mwenyewe kutoka ng'ambo, kujitolea likizo nzima. Alipaka kuta rangi, akafundisha nyimbo, akazunguka uani na Kidoti mgongoni. Asubuhi alikuja jikoni kusaidia kumenya viazi, na nusu ya kila kiazi ikaenda na maganda.

"Mpishi, wewe ulimjua mama yake?" aliuliza.

Angesema hapana, yangekwisha. Lakini alikuwa na hamu ya kumzungumzia mama wa Kidoti, walau mara moja, mbele ya mtu aliyempenda Kidoti.

"Nilimjua sana. Alikuwa shoga yangu. Mtoto wake alimpenda kupita kiasi."

"Alikufaje?"

"Homa." Hapo angenyamaza. Wapi, akatia chumvi. "Nilimwosha kwa mikono yangu hii. Nikamzika."

Mgeni akaviangushia viazi machozi. Alipokwisha kupenga kamasi alisema ni lazima Kidoti alione kaburi la mama yake kabla hajaondoka.

"Aondoke aende wapi?"

"Nataka kumchukua awe mwanangu. Kama kweli hana mtu."

Bibi Funguo alipopata habari alimtazama mpishi kama mtu aliyeunguza sufuria mpya.

"Umejiua mwenyewe," alisema. "Sasa jitafutie kaburi."

Akajitafutia. Katika makaburi ya mji, nyuma ya karakana ya magari, alichagua moja lisilo na jina, akaling'olea magugu ili lionekane lina wenyewe. Kesho yake wakaenda watatu, yeye, mgeni na mtoto, na maua. Kidoti alipiga magoti akalia kwa kwikwi, kamasi zikamchuruzika hadi mdomoni. Mpishi kwanza alimwonea fahari. Halafu aliona mtoto hanyamazi, akaogopa.

Mgeni alichuchumaa kando yake. "Ungependa kuishi kwangu? Niwe mama yako?"

Kidoti akaitikia kwa kichwa, haraka mno.

Mgeni akamgeukia mpishi. "Wewe ndiye uliyemzika mama yake. Niambie ukweli. Huyu mtoto ana mtu yeyote duniani?"

Jibu lilikuwa fupi. Mpishi alikuwa nalo mdomoni, akawaza kazi itakavyopotea, na shule, na usiku ule wa zamani yeye na mwanawe walipolala na maji matupu tumboni. Hata hivyo angelisema. Alikwisha kufungua mdomo. Ndipo Kidoti alipoinua uso juu ya maua, macho yamevimba, akamtikisia kichwa kidogo, yeye tu. Hakuwa akimsihi. Alikuwa akimwonya.

"Hana," alisema mpishi.

Mgeni akawakumbatia wote wawili na kumshukuru mpishi kwa moyo wake wa mzazi. Njiani Kidoti alimshika mgeni mkono.

Jioni, wenzake walipokuwa wakicheza uani, Kidoti alikuja jikoni na sahani yake. Mpishi akafunga mlango kama siku zote, akakaa kwenye kigoda, akafungua mikono. Siku nzima alikuwa amejikaza kisabuni kwa ajili ya saa hii.

"Naomba uniongezee viazi, mpishi," alisema Kidoti.

"Mwanangu, mlango nimefunga. Tuko wawili tu."

"Najua," mtoto alisema kwa upole, akinyoosha sahani. "Najizoeza, nisije nikasahau nikifika kwa mama."

Mpishi akainuka, akamwongezea viazi.